Nilikohoa

Umeme ulikatika saa kumi, kawaida yetu ya Agosti.
Feni ikajizungusha mara tatu za mwisho, ikanyamaza.
Lahore nzima ililowa jasho.
Mjukuu wangu Mahrukh (maana yake uso wa mwezi,
na uso wenyewe ulijaa unga wa biskuti)
akaniletea simu yenye chaji asilimia kumi na moja:
"Babu, wanatua."

Wanatua. Hakusema nani.
Nyumba hii haina haja ya kuwataja.
Wao ni risasi iliyompata kaka yangu Wajahat mwaka wa sabini na moja.
Wao ni mpaka, mwendo wa nusu saa kutoka kitini pangu,
ambao kunguru huuvuka bila pasi akitafuta makombo.

Miaka minne nyuma chombo chao kilipotea dakika za mwisho.
Nilicheka. Na si kucheka tu:
nilituma jalebi ziletwe zikiwa moto,
nikagawa ngazi nzima, hata kwa jirani anayekwepa deni langu.
Usiku ule sikulala.
Nilidhani ni sukari.

Maana mimi nami niliwahi kuitupia mbingu kitu.
Mwaka wa sitini na mbili, umri wangu ishirini,
kwenye ufuo magharibi ya Karachi,
kazi yangu ilikuwa kufuta mchanga mkiani mwa roketi
kwa kitambaa kilichochanwa kwenye shuka ya hospitali.
Ilipopaa ikaachia wingu la rangi ya chungwa,
nasi tukarukaruka kama watoto waliopewa sikukuu mbili kwa siku moja.
Tulikuwa mbele yao. Andika hilo. Mbele.
Halafu? Halafu mafaili.
Halafu majenerali.
Halafu ofisi yenye zulia jipya na maabara isiyo na balbu.

Kabla ya hapo tulipelekwa mafunzoni, kisiwa kimoja cha Marekani,
na chumba cha pili alikaa kijana wa kwao, Raghunathan,
mwembamba kama penseli,
aliyeficha chupa ya achari ya ndimu chini ya kitanda
kwa kuwa chakula cha pale hakikuwa na ladha ya kitu.
Aligonga ukuta usiku. Tulikula kwa vidole, machozi yakitutoka,
tukibishana nani atautangulia mwezi.
"Atakayefika," alisema, "amtupie mwenzake salamu."

Asilimia saba. Namba zinashuka:
kilomita mbili, mita mia nane, mia na hamsini.
Nikajikuta naomba dua.
Naapa sijui niliomba nini.
Nusu ya moyo ilisema: kianguke.
Nusu ilikuwa inahesabu mafuta, inakanyaga breki,
inauma ulimi kama siku ile ufukweni.

Kikatua.
Ukumbi wao ukalipuka; wanawake wa sari, asumini nywelini,
wakakumbatiana, na nyuma yao mzee mmoja akifuta miwani.
Si yeye, najua.
Nilimtazama mpaka simu ikazima.

Mwezi wa bendera yetu!
Mwezi ambao kila mwaka mashehe wetu huugombania
umeandama, haujaandama,
mtaa huu ukila idi na ule ukifunga,
wao wameuendea na kuugusa
kama mama agusavyo paji la mtoto kupima homa.
Wivu una ladha. Ni ndimu, na chumvi iliyozidi.

Nilipanda darini. Nusu mwezi ulikuwa umetulia juu ya matangi ya maji,
hauna dalili ya kuguswa na yeyote.
Ningemwandikia. Lakini anwani niliyo nayo ina miaka sitini,
na barua za huku siku hizi haziendi kule.

Mahrukh akanifuata, miguu mitupu juu ya saruji ya moto.
"Babu, kilipotua ulipiga kelele. Nilikusikia."

Nikamwambia nilikohoa.