Herufi Nne

Miaka thelathini na mmoja Lempi Haapala
aliwafundisha watoto wa Duluth alfabeti.
Leo, mezani jikoni,
herufi nne zimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

A ni kitanda cha hospitali.
B ni daktari, na B hukatwa kwenye pensheni
kabla pensheni haijagusa mkono.
D ni vidonge.
C yasema: nipe zote, nikubebee,
na meno nitakutazamia, na miwani,
ila Daktari Sorvari hayumo kwenye orodha yangu.

Daktari Sorvari, aliyemfumba Reino macho!

Tarehe saba Desemba dirisha linafungwa.
Nje, theluji imeshafunga mlango wa gereji.

Anapiga simu. Muziki.
Dakika arobaini za muziki.
Kisha kijana, sauti ya upole:
"Bi Haapala, mwakani unatarajia kuugua nini?"

Anacheka hadi kahawa inamwagikia kijitabu,
ukurasa wa sitini na mbili.
Mwanangu, ningelijua hilo
si ningelikuwa nauza bima mimi?

Simu imekatwa, swali limebaki.
Anachukua penseli nyekundu, ile ya kusahihishia,
anaandika: goti la kushoto. Presha.
Anasita.
Upweke, anaandika, kisha anaufuta,
maana haumo katika herufi yoyote.

Anaizungushia A duara. Anaizungushia B.
D, ile ya bei nafuu.
Na pembeni ya C,
kwa mwandiko wake wa ubaoni:
Jitahidi zaidi.