Malipo ya Pili

Mshahara sina, nilimwambia Bakiri Mnonjela,
nikimkaribisha kwenye ndoo iliyofudikizwa
maana kiti ni kimoja na nilikuwa nimekikalia mimi.
Nina mashine moja ya kukamua ufuta.
Nina chupa mia mbili zimejipanga ukutani
kama wagonjwa wanaongoja kuitwa namba.
Na nina mdomo mzito. Kubembeleza sijui.
Mteja akisema "ghali," hujibu "basi acha,"
naye huacha.

Tukapatana kumi kwa mia.
Ukiuza ya elfu kumi, elfu moja yako.
Usipouza, tutasalimiana tu.
Akacheka, akauliza:
"Na tairi likipasuka njia ya Lionja,
nalo litapasuka kumi kwa mia?"
Tairi sikuwa nimeliwaza.
Nikaandika: viraka ni juu ya mwenye mashine.
Tukatia sahihi kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu za sehemu alizokosa zote.

Wiki ya kwanza alirudi na chupa zote, na vumbi.
Wiki ya pili nililisikia kreti kabla sijamwona yeye,
likigongagonga tupu juu ya baiskeli
tangu kona ya msikiti.
"Arobaini, dada! Ruponda nimemaliza, Naipanga nimemaliza!"
Nikanyoosha mkono.
Akanitilia kiganjani karatasi.

Mama Zainabu wa genge, chupa sita, baada ya mnada.
Mwalimu Likwembe, mbili, baada ya mnada.
Duka la rangi ya bluu, kumi na mbili, baada ya mnada,
na amesema kibandiko kimekaa upande.
Mnada, mnada, mpaka chini.
Nachingwea nzima ilikuwa imekula mafuta yangu
kwa ufuta ambao haujatoka hata shambani.

Bakiri akatazama kandambili zake.
"Kuuza nimeuza, dada. Fungu langu?"

Ndipo nikaona tulichosahau kuandika.
Kuuza ni kitu gani?
Ni mafuta yanapotoka, au ni pesa inapoingia?
Somoe, mdogo wangu, aliyekuwa akipepeta,
akadakia bila kuulizwa:
"Mwambie asubiri. Nani alishalipwa kwa harufu ya pilau?"

Asubiri.
Neno hilo naijua ladha yake.
Baba alipeleka korosho ghalani akapewa karatasi,
akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia,
na kila Ijumaa akaitoa na kuisoma
kana kwamba usiku imeongezeka maneno.
"Malipo ya pili yanakuja, mzee," karani humwambia.
Yalikuja tumeshaanua matanga.
Mama akanunua mabati manane
akaezeka upande mmoja.
Upande wa pili wa nyumba ile mpaka leo ni nyasi.

Nikapiga hesabu: elfu ishirini na nne.
Nikamhesabia kumi na mbili.
Na nyingine, nikamwambia kwa sauti nzuri,
sauti ya mtu mwenye ofisi,
hizo zitakuwa malipo ya pili.
Nikamwandikia na karatasi.

Hakubisha. Alishukuru hata.
Akaikunja mara moja, mara mbili,
mara tatu,
akawa anatafuta mahali pa kuitia.

"Bakiri, lete hiyo karatasi."

Zilizobaki nilizitoa kwenye kopo la umeme.
Ungo wa Somoe ulinyamaza; nilijua ananitazama
na nilijua atakachosema usiku.
Nikamwambia Bakiri, kwa ukali ambao hakuustahili,
kuanzia kesho hakuna kukopesha zaidi ya chupa mbili,
na duka la bluu nitakwenda mwenyewe.
"Na kibandiko?" akauliza.
Na kibandiko.

Kisha nikafungua daftari chini ya sahihi zetu
nikaandika: Kuuza maana yake
na kalamu ikakaa hapo hapo
huku wao wawili wakiningoja.

Mnada ulisogezwa mbele wiki tatu.