Beta

Nilizinunua kumi, nyuma ya stesheni ya Gyumri,
kwa bei ya mfuko wa mbegu za alizeti.
Zote muhuri mmoja, zote miguu mitatu;
nikadhani nimepata ndugu wa tumbo moja.

Bi Varsenik hakunijibu. Alivua glavu,
akasogeza mita, akanipa penseli.
"Pima."

Kwenye beisi nikapitisha maikroampea ishirini,
umeme usioweza kumshtua hata sisimizi.
Kolekta ikajibu: miliampea tatu.
Nikagawa. Mia na hamsini.
"Imezaa!" nikaruka. "Moja imekuwa mia na hamsini!"

"Transista ni tasa," alisema. "Ng'oa betri."
Nikang'oa. Sindano ikalala.

"Wewe umelelewa na haba na haba.
Hapa kibaba kimejaa tangu asubuhi,
kimo ndani ya betri, kinausukuma mlango.
Beisi ni kidole tu kwenye komeo.
Anayelipa ni mwingine."

Ya pili: tisini na mbili.
Ya tatu: mia mbili na kumi.
Ya nne ilikuwa maiti.
Ya tano aliinamia, akaipulizia pumzi
(theluji ilikuwa imefika dirishani, tulifanya kazi na makoti)
na sindano ikapanda yenyewe, polepole,
kama paka anayelifuata jua ukutani.

"Haya, beta yake ni ngapi?"
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mezani ilingoja redio ya Aghasi, mfuga nyuki:
asubuhi inanong'ona, jiko likishawaka
inayapasua maneno kama kuni.
Aliyeiunda aliiamini namba ya kitabuni.
Bi Varsenik akachakura kopo la peremende,
akatoa rezista: kahawia, nyeusi, kahawia,
akailehemu chini ya emita.
Moshi ukanuka utomvu wa msonobari.

"Mkondo ukizidi, hii inainyanyua emita,
beisi inakosa pa kusukumia, inajirudi.
Tutapoteza sauti kidogo. Na ipotee.
Usiunde kitu kinachoidai transista
iwe na tabia njema."

Ikapungua kweli. Lakini ikatulia.
Mtangazaji akasoma bei ya ngano
jiko likiwaka, jiko likizimwa,
wala hakutetemeka.

Nilizibeba zangu nyumbani, tisa na maiti mmoja,
ndani ya pakiti ya sigara,
kila moja na namba yake kwa penseli,
namba za saa nne asubuhi, za baridi ile tu.

Jumapili baba hupiga simu kutoka Surgut, kwenye visima.
Husema, "Haya." Husikiliza. Husema, "Haya" tena.
Mara laini inakatika.
Na mama, aliyekuwa ameketi kama koti lililovuliwa,
anainuka, anakata vitunguu, anacheka na jirani ukutani,
anafua mapazia saa tatu za usiku.
Miaka yote nilidhani nguvu hizo
zinasafiri na waya kutoka Siberia.
Nguvu ni zake. Zilikuwa zinamngoja.

Na zipo Jumapili neno ni lilelile,
jembamba vilevile, wala hatoki kitini.

Mwanzoni nilikuwa nikiandika:
maneno mangapi, saa ngapi za kicheko.
Nimeacha kugawa.