Mstari Uleule

Jumatano ya kliniki, KCMC, benchi la tatu,
mama kashika faili kama mtu aliyeshikishwa sahani ya mwenzake.
Damu yake, wanasema, haitulii:
mwezi wa tano nzito,
wa sita nyepesi kama maji ya kunawia,
na vidonge ni vilevile, kimoja kila jioni.
Navihesabu mimi.

Daktari Mfinanga akavua miwani.
"Mama Aikaeli, kuna kingine unachotumia?"
"Hakuna, mwanangu."
Nikatazama dirishani. Mlima umejifunika.
Mkoba miguuni pangu ukanuka mizizi.

Chupa ilikuwa ya Konyagi, imeoshwa,
ndani maji ya kiloriti, mekundu kama udongo wa Kibosho,
tumeyanunua Mbuyuni kwa Nashipai
anayepima kwa kifuniko na hapunguzi bei.
Usiku wa kwanza magoti ya mama yalilala.
Hilo nalo ni kweli, sitalifuta.

Niliiweka chupa mezani.
Sikujipanga; mkono ulitangulia mdomo.
Nikangoja kufokewa. Tumeshafokewa sana,
tangu yule nesi wa wodi ya pili
aliyemwaga supu ya bibi kwenye sinki, wageni wakiona.
Lakini Mfinanga akafungua, akanusa,
akakaa kimya kitambo.
"Kitabu changu hakiijui," akasema.
"Tuipumzishe wiki mbili, tupime, ndipo tuongee."
Akaandika kwa herufi kubwa,
KILORITI, KIFUNIKO KIMOJA, ASUBUHI,
ubavuni mwa vidonge,
mstari uleule, wino uleule.

Jumamosi nikashuka sokoni kumwambia Nashipai.
Nilidhani atanuna.
Alikuwa anafunga magome kwa kamba ya katani,
fundo akilikaza kwa meno.
"Kumbe anameza dawa ya damu?
Nilimuuliza siku ya kwanza. Mara mbili nilimuuliza.
Akasema hakuna."

Wiki mbili zimepita.
Damu imetulia kidogo, si sana.
Magoti yameanza tena kulia ngazini.
Mama halalamiki; anakaa uani, faili mapajani,
analifungua pale pale,
anapitisha kidole juu ya zile herufi
kama asomaye jina la mtoto kwenye cheti,
aone kama wamelipatia.

"Na Nashipai," anauliza,
"yeye ataandika wapi?"