Daftari la Moshi

Mimi huandika moshi.
Ndiyo kazi yangu hapa kituoni, nje kidogo ya Muhoroni,
zamu ya saa mbili usiku hadi alfajiri:
lita za dizeli zilizoingia, saa za kunguruma,
tani zilizopanda bombani
zikaenda zake bila kuaga.

Zamani niliandika tu, nikafunga daftari.
Kisha mhandisi Cheboi akatuita,
akachora kisanduku ubaoni.
"Hiki ndicho kikomo. Ukikivuka, nunua kibali.
Ukibakiza, uza."
Obuya, mkono wote grisi, akacheka:
"Yaani moshi nao umepata soko, kama omena?"
"Kama omena. Ila huu, anayelipa ni anayeutoa."

Msimu ule bei ilipanda
kama sukari wakati kiwanda kimefungwa.
Kibali kikawa ghali kuliko dizeli yenyewe,
na simu kutoka Nairobi ikasema: Zimeni zote mbili,
mvuke wa Menengai utatosha.

Tukazima.

Usiku kumi na moja.
Nilisikia vyura upande wa mto Nyando.
Miaka tisa hapa, sikujua tuna vyura.
Akeyo alianika shuka jeupe asubuhi
akalianua jeupe jioni,
akanipigia simu kazini kunieleza hilo tu.
Daftarini nikaandika sufuri,
sufuri, sufuri,
nikiiviringa kila moja polepole
kama mtoto anayejifunza kuumba herufi.

Mwezi wa tatu vikaja vibali vya bure.
Ni huruma, walisema: bili zisipande, viwanda visilie.
Bahasha nene, muhuri juu ya muhuri.
Bei ikaporomoka
kama nyanya za Ahero giza likikaribia,
muuzaji anakuongezea tatu usizoomba.
Simu ikalia: Washeni.
Tukawasha.
Vyura wakanyamaza, au mimi ndiye nisiyesikia.

Siku hizi huja wageni na kompyuta zao
kuniuliza kama mpango huu unafaa.
Nijibu ndiyo au hapana, wana safari.

Mimi uchumi siujui. Mizani naijua.
Baba yangu alipeleka miwa kiwandani miaka ishirini,
na alijua siku ambazo kidole cha mtu
kimekaa chini ya sahani:
tani tano zinasomeka nne.
Hakuwahi kuitukana mizani.
Alikuwa akiinama, aangalie chini.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa.
Hawakusema kusamehewa kila Machi.

Na huyo anayenunua msitu wa mbali
ili bomba lake liendelee kupumua hapa,
mpeni kiti, simgombezi,
lakini aje aanike shuka kwetu siku moja.

Leo usiku: lita elfu arobaini, saa tisa na nusu.
Upepo unaelekea nyumbani.
Shuka la Akeyo liko ndani, juu ya kamba ya jikoni,
linanuka vitunguu.

Ule ukurasa wa sufuri kumi na moja
nimeukunja ncha.
Atakayeniuliza kama inawezekana
nisihangaike kuutafuta.