Doti Mia Nne

Msiiwashe bado. Iacheni ilale hiyo kompyuta,
kioo cheusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Hapa Tudor umeme huja na kwenda kama mkwe mwenye kisirani,
na mimi niliyajua haya kabla sijashika kipanya,
dukani kwa Taherali, Mtaa wa Biashara,
nikiwa na miaka kumi na saba
na magoti ya kupandia ngazi.

Doti mia nne. Leso juu ya leso hadi darini,
zimekaa vile zilivyoshuka kwenye mzigo.
Mteja akitaja jina, naanza ya kwanza,
ya pili, ya tatu,
nasoma maandishi ya kila moja kama karani wa kura.
Bi Mwanatumu wa Kuze alingoja
akamaliza kahawa, akamaliza tambuu,
akamaliza na habari za majirani zake wote,
ndipo nikaishika:
*Yakikushinda ya kwako, usije kuyashona kwangu.*
Ilikuwa ya mia tatu na tisini na moja.

Jumapili, duka limefungwa, nikazishusha zote.
Nikazipanga kwa herufi ya kwanza ya jina;
zikifanana, ya pili; zikifanana tena, ya tatu.
Kutwa nzima, vumbi la pamba puani,
Taherali mlangoni akiuliza nani atanilipa kwa mchezo huu.
Hakunilipa mtu.
Kupanga ni deni unalolilipa kabla hujakopa.

Kisha nikamtungia ubeti Fumo, kijana wa stoo,
maana Fumo husahau kila kitu ila chenye vina:

*Rundo ligawe kuwili, jina la kati lisome,*
*Kama lako liko mbali, kushoto kwake kuhame,*
*Kama liko la awali, kulia usikupime,*
*Rudia bila kujali, ukiliona, ukome.*

Hesabuni kwa vidole, msiniamini mimi.
Mia nne. Mia mbili. Mia. Hamsini.
Ishirini na tano. Kumi na mbili.
Sita.
Tatu.
Moja.
Kutazama mara tisa, na vidole vya mikono miwili vimebaki na kimoja.
Bi Mwanatumu aliporudi, kahawa yake ilikuwa bado yatoa moshi;
nadhani alikasirika, habari za majirani hazikufika hata nusu.

Siku ya tatu Fumo akapotea.
Nikamkuta nyuma, leso moja mkononi,
anaisoma, anaiweka, anaishika, anaisoma,
jasho lamtiririka shingoni.
Mteja alitaka jina ambalo hatukuwa nalo kamwe,
na ubeti wangu ulimwambia *rudia bila kujali*,
naye hakujali.

Msicheke. Fumo hakuwa mjinga, alikuwa mtiifu,
na hiyo mashine mbele yenu ni mtiifu kumshinda Fumo,
wala haitoki jasho mkapata kujua.
Kosa lilikuwa langu.
Nilitunga kana kwamba kila kinachotafutwa kipo.
Usiku ule nikaongeza mshororo,
tarbia ikawa takhmisa:

*Likiisha rundo hili, "Hatuna" — neno liseme.*

Taherali akanipandishia mshahara, shilingi chache,
nami nikatembea mtaani kama niliyeoa na kuoza siku moja.

Wiki haikwisha, akaingia mama mmoja kutoka Mwembe Kuku.
Jina? Hakulikumbuka.
"Ile ya zambarau, mwanangu, yenye korosho pembeni.
Niliivaa arusini, wifi yangu akalia."

Nikazitazama doti zangu, zimenyooka kutoka A hadi Z,
zinajua herufi zote
na hazijui rangi hata moja.
Fumo akanitazama, akingoja ubeti.

Nikaivuta ngazi.
Nikaanza ya kwanza.