Taa ya Nane

Kuanzia taa ya nane kwenda mbele, zilitetemeka.
Si zote sawa: ya nane kidogo,
ya tisa zaidi, ya kumi na mbili
kama mtu aliyeopolewa mto Rioni mwezi wa Januari.
Theluji ililalia paa la ukumbi wetu hapa Kutaisi,
na kesho, saa moja jioni, milango ingefunguliwa.

Otia, mwongozaji, alishika kichwa.
"Malkia wangu anakufa kwenye mwanga wa buluu,
siyo kwenye disko!"
Akalaumu umeme, akalaumu kiwanda, akamlaumu meya,
akasema taa za zamani ziliunguza mapazia,
lakini wazimu hazikuwa nao.

Tsiala alimalizia chai yake kwanza.
Ana miaka sitini na mmoja. Magoti yake hulia
kila kipago cha ngazi, na mfukoni
ana bisibisi moja, mpini umetafunwa na mbwa.
"Usimtazame anayelia sana," aliniambia.
"Mtafute aliyeanza."

Tukaishusha ya nane, tukapandisha ya tatu mahali pake,
nikaiandikia anwani ya mwenzake, arobaini na tatu.
Ya tatu, mpole wa jana na juzi,
ikashikwa na homa ile ile.
"Basi taa haina kosa," akasema Tsiala.
"Iombe radhi."
Nilidhani anatania. Alisubiri mpaka nikaomba.

Ikabaki kebo, kati ya saba na nane.
Mimi nilikuwa naijua.
Jumanne ile ya haki ilipungua nusu mita,
stoo iko chini, ngazi arobaini, giza,
na sanduku la maikrofoni lilikuwa miguuni pangu, wazi.
Nyeusi kwa nyeusi. Pini tatu kwa pini tatu.
Iliingia. Ikatoa hata ule mlio, *tik*, wa kukubali.
Kuingia si kufaa, lakini nani angeniambia,
na hapo nilikuwa peke yangu na njaa?

Alifungua plagi, akaivuta karibu na miwani.
"Hii hubeba sauti ya mwimbaji," akasema,
"na sauti hutembea. Ishara ya taa hukimbia,
robo milioni ya hatua kwa sekunde. Humu inajikwaa,
inaamka na vumbi, taa inasoma vumbi."
Nilikuwa nimeshika tochi. Mwanga wake ulicheza
kuliko taa zote tano.

Tukaweka kebo nyingine (ngazi arobaini, nilizihesabu).
Ya nane ikatulia. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja.
Ya kumi na mbili bado ikakonyeza,
mara moja, kimya, mara mbili.
Otia akaenda kuvuta sigara nje kwenye theluji.

"Ah," akasema Tsiala. "Hatujafunga mlango."
Neno likifika mwisho wa mstari lisikute mpokeaji,
hugeuka, hurudi njia ile ile,
hugongana na wenzake wanaokuja.
Akatoa punje ndogo kama ngano, yenye mistari
kahawia, nyekundu, kahawia: omu mia na ishirini.
Akailehemu kwenye plagi tupu, pini ya pili na ya tatu,
moshi wa solda ukampanda usoni.
Nikamkumbuka baba, mwaka wa nne sasa huko Thesaloniki,
simu zake hazina kwaheri, hukatika tu,
na maneno yangu hunirudia usiku kucha.

Akachomeka.
Buluu ikasimama, yote, kumi na mbili,
juu ya kiti cha malkia ambaye alikuwa kantini
akila supu.

Kisha akanipa utepe mwekundu na kalamu. "Andika."
Nikaandika kwa herufi zetu, zinazojikunja kama vikonyo vya mzabibu:
*sauti tu*. Nikaufunga kwenye kebo ile.
"Jumanne ulikuwa na haraka," alisema.
Hakuuliza, kwa hiyo sikujibu.

Akashuka, kipago kwa kipago, magoti yakilia.
Nikabaki juu, kiganja kwenye mgongo wa taa ya nane.
Ilikuwa na joto, dogo tu,
kama la mnyama aliyesingiziwa.